Mkinga wa Mwanjelwa na Msukuma wa Usangu

Ukitaka kuanzisha mabishano yasiyoisha katika kijiwe chochote cha kahawa jijini Mbeya, uliza kwa nini maduka mengi makubwa ya Mwanjelwa ni ya Wakinga. Majibu yatakuja kabla kikombe hakijapoa: mmoja atasema ni ubahili, mwingine atasema ni bidii, na hatakosekana wa tatu atakayeshusha sauti na kutaja waganga. Shuka kwa barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam hadi Igurusi, Chimala au Rujewa, uliza kuhusu Wasukuma na ng'ombe wao, nako utakuta majibu yamekwisha kuandaliwa: wanamaliza maji na majani, hawasomeshi watoto, wana fedha nyingi kuliko matumizi. Mimi nina duka la pembejeo na dawa za mifugo huko bondeni. Bidhaa zangu nyingi huzichukua kwa wafanyabiashara wa jumla wa jijini, ambao wengi wao ni Wakinga, na wateja wangu wakubwa ni wafugaji wa Kisukuma. Riziki yangu inapita katikati ya jamii hizi mbili, na majibu ya kijiweni hayajawahi kunieleza ninayoyaona kaunta.

Jamii zote mbili ni wageni huku. Jiji la Mbeya limejengwa katika ardhi ya Wasafwa, na bonde la Usangu, ambalo kwa sehemu kubwa leo ni Wilaya ya Mbarali, ni la Wasangu, waliotawaliwa na watemi wa ukoo wa Merere tangu kabla ya kuja kwa Wajerumani. Wakinga walitoka katika milima ya Livingstone, Wilaya ya Makete, ambayo tangu 2012 imo katika Mkoa wa Njombe. Wasukuma walitoka kusini mwa Ziwa Victoria, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga kama ilivyokuwa wakati huo. Wengi wa pande zote mbili walifika katika kipindi kinachokaribiana, miaka ya 1970 na 1980, barabara kuu ya kwenda Zambia ilipokwisha kuwekwa lami na reli ya TAZARA ilipoanza kazi mwaka 1976. Walikuta serikali ileile, sheria zilezile na siasa ileile ya Ujamaa, na kwa hiyo naona inafaa kuwalinganisha, japo mmoja alielekea mjini na mwingine akaelekea bondeni. Sensa zetu hazijauliza kabila tangu ile ya 1967, uamuzi ambao binafsi naukubali, kwa hiyo takwimu nitakazozitaja ni za maeneo, na mengine ni yale yanayoonekana na yeyote anayeishi huku.

Ninachotaka kusema ni kwamba hali ya jamii hizi leo haiwezi kuelezwa kwa kupima bidii, kwa kuwa wote wawili ni watu wa kazi, wala kwa kuuliza nani alikuja na mali. Msukuma ndiye aliyekuja na mali. Mkinga alikuja mikono mitupu. Kilichowatenganisha ni mahali ambapo mali ya kila mmoja inakaa. Ya Mkinga inakaa ndani ya fremu yenye mkataba, leseni na namba ya mlipakodi. Ya Msukuma inasimama juu ya ardhi ambayo siku yoyote mtu mwenye muhuri anaweza kuja kusema kwamba hairuhusiwi kukanyagwa.

Makete ni nchi ya baridi. Vijiji vyake vingi viko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye miteremko ambako shamba likilimwa ovyo mwaka huu, mvua ya mwakani hulipeleka bondeni. Ngano, viazi mviringo na pareto hustawi, lakini mashamba ni madogo, na yakigawanywa kwa watoto hubaki vipande. Tangu enzi za Waingereza kodi iliwalazimisha vijana kushuka kutafuta fedha: kwenye dhahabu ya Lupa huko Chunya, ambayo ndiyo iliyouzaa mji wa Mbeya mwaka 1927, kwenye chai ya Mufindi, na kwenye mkonge wa Tanga. Kijana wa Kikinga aliyeondoka nyumbani hakuonekana mtoro. Kuondoka kulikuwa sehemu ya kukua, kama jando lilivyo kwa wengine.

Biashara ilikuja baadaye, na haikukuta njia nyeupe. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka ya watu binafsi vijijini ili maduka ya ushirika yachukue nafasi yake, na mwaka 1983 vita dhidi ya wahujumu uchumi vikamfanya mtu mwenye katoni chache za sabuni amwogope jirani yake. Katika miaka hiyo mchuuzi aliyeweza kudumu ni yule ambaye mali yake yote ilibebeka begani, akazungusha nguo, chumvi, betri na mafuta ya kujipaka kutoka kijiji hadi kijiji. Serikali ilipoanza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa kuanzia 1984, na Rais Ali Hassan Mwinyi aliposhika madaraka mwishoni mwa 1985 na zama zake zikaja kuitwa za ruksa, wachuuzi hao walikuwa wanazijua barabara zote, wateja wote na mianya yote. Mitumba ikaingia. Tunduma, mji wa mpakani na Zambia, ikachangamka. Waliokuwa wakibeba begani wakapanga meza, walio na meza wakapanga fremu, na walio na fremu wakaanza kununua Kariakoo moja kwa moja.

Hata hivyo wapo wachuuzi wa makabila mengine waliokuwa na begi kama hilo na hawakufika huko. Nguvu ya Wakinga, kwa maoni yangu, iko katika utaratibu wa kulea vijana dukani, ambao wateja wengi wanaupita bila kuuona.

Katika duka moja la jumla ninakochukua mabomba ya kunyunyizia na mbegu, kuna kijana aliyeletwa kutoka Makete baada ya kumaliza darasa la saba. Alipofika alikuwa akifagia na kupanga maboksi. Baadaye nikamkuta anafunga mizigo ya wateja wa nje ya jiji na kuandika idadi kwenye daftari, na kila kamba aliyoifunga aliivuta mara mbili kabla ya kuuachia mzigo. Siku hizi anaachiwa kaunta mwenye duka anapokwenda benki. Hana mshahara wa mwezi. Anakula na kulala nyumbani kwa bosi, anavishwa, anapewa hela ya kunyoa na nauli ya kwenda kwao Krismasi, na wote wawili wanajua kwamba iko hesabu inayoendelea kuandikwa, hata kama haiko kwenye daftari lolote. Nilimuuliza siku moja ni lini atafungua duka lake.

“Baba mdogo ndiye anayejua, mama,” alinijibu huku anaendelea kufunga mzigo wangu. “Siku ikifika ataniita.”

Siku hiyo ikifika, baba mdogo hamkabidhi kibunda cha fedha. Humlipia kodi ya fremu ya miezi sita au mwaka, Tunduma, Chunya, Makambako au hata Ifakara, na kumpa bidhaa kwa mali kauli: uza, nirudishie bei yangu, faida ni yako, njoo uchukue tena. Kijana akila mtaji, habari hufika Makete kabla yake, na hakuna mwenye duka mwingine atakayempa hata boksi moja. Akirudisha vizuri, anageuka kuwa mteja wa yule aliyemlea, na baada ya miaka kadhaa naye anashusha kijana kutoka milimani. Katika mzunguko huu wote benki haikuombwa kitu, wala hakuna aliyekwenda mahakamani. Dhamana ni jina la mtu kijijini kwao, na jina hilo ni gumu kulikimbia kuliko mdai wa benki.

Utaratibu huu una uso mwingine ambao sheria ya kazi isingeupenda. Kijana akifukuzwa mwaka wa nne kwa tuhuma ya wizi, hana pa kudai, na nimewasikia vijana wakisema kwamba baadhi ya mabosi hukumbuka wizi pale tu siku ya kumfungulia mtu duka inapokaribia. Mabinti nao walichelewa kuingizwa katika mkondo huu, ingawa leo akina mama wa Kikinga wenye maduka ya vitenge na vyombo si wachache na baadhi yao ni wagumu wa bei kuliko wanaume.

Faida yake ilionekana wakati wa moto. Soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006. Wafanyabiashara wengi wakahamia eneo la SIDO, na soko la huko nalo likaungua mwaka 2017. Watu walioamka matajiri walilala hawana kitu, na wengi hawakuwa na bima. Tuliokuwa tukichukua bidhaa kwao tuliona jambo moja waziwazi: waliosimama mapema ni wale waliokuwa na ndugu au bosi wa zamani wa kuwapa tena mali kauli, wakati wengine, tena wenye bidii ileile, waliishia kuuza viwanja vyao ili walipe mikopo ya bidhaa zilizokuwa zimekwisha kuwa majivu. Mali iliungua lakini madeni ya heshima kati ya mtu na mtu hayakuungua, na juu ya hayo duka likajengwa tena.

Gharama ya mafanikio haya imelipwa Makete. Sensa ya 2002 ilihesabu watu zaidi ya 105,000 wilayani humo. Ile ya 2012 ikakuta 97,266. Katika nchi ambayo idadi ya watu inaongezeka kila mahali, wilaya kupungukiwa watu ni jambo zito. Si wote walioondoka kwa basi. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa 2011–12 ulikuta kwamba asilimia 14.8 ya watu wazima wa Njombe wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na maambukizi ya VVU, kiwango kilichozidi mikoa yote nchini, na wanaoijua Makete ya miaka ya 1990 na 2000 wanakumbuka nyumba nzuri za bati jipya zenye bibi na wajukuu peke yao. Biashara ya kusafiri, miezi mingi mbali na mwenzi, na fedha taslimu mfukoni vilikuwa na mchango wake, ingawa havielezi kila kitu. Anayehesabu fremu za Mwanjelwa aongeze na makaburi hayo katika hesabu yake.

Kuhusu waganga nitasema kwa ufupi. Mtu asiyeuona mwaka wa kufagia, mwaka wa kufunga mizigo na mwaka wa kuachiwa kaunta, akamkuta kijana wa miaka ishirini na mitatu ana duka limejaa, lazima atafute maelezo, na maelezo ya kafara ni mepesi kwa sababu hayamdai msikilizaji afanye chochote. Kwa jamii yenyewe uvumi huo umekuwa na matokeo: Wakinga wanaoana sana wao kwa wao, wanakodishiana wao kwa wao, na wapangaji wengine huwaogopa. Wamekubaliwa sokoni kuliko walivyokubaliwa ukweni.

Sasa tushuke Usangu.

Msukuma hakuondoka kwao kwa umaskini. Aliondoka kwa sababu kundi lake lilikuwa limezidi malisho. Usukumani watu walikuwa wameongezeka, pamba ilikuwa imekula mbuga, na uhamisho wa kuingia katika vijiji vya Ujamaa katikati ya miaka ya 1970 ulivuruga mpangilio wa zamani wa ardhi, ikiwa ni pamoja na ngitili, yale maeneo ya malisho ambayo kila kaya ilikuwa ikiyafunga msimu wa mvua ili yatumike kiangazi. Wafugaji wakaanza kusogea kusini kidogo kidogo, kupitia Tabora, wengine wakaelekea Rukwa, wengine Usangu, ambako mito inayoshuka kutoka milima ya Kipengere na Uporoto hukusanyika na kutengeneza Ihefu, oevu lenye majani mabichi hata mwezi wa kumi. Walikuja na ng'ombe, maksai, plau, wake, watoto na mbegu. Hapa lazima niseme wazi kwamba kwa kipimo chochote cha fedha hawa walikuwa matajiri kuliko wenyeji waliowakuta, na matajiri zaidi kuliko kijana wa Kikinga aliyekuwa akishuka lori Uyole na begi moja.

Mchango wao katika kilimo husahaulika kwa sababu watu wanapowatazama wanaona mkia wa ng'ombe tu. Mpunga wa umwagiliaji Usangu ulianzishwa na Wabaluchi kabla ya Uhuru, na katika miaka ya 1970 Serikali ikajenga shamba kubwa la Mbarali kwa msaada wa Wachina. Msukuma alileta maksai. Kaya iliyokuwa ikilima kwa jembe la mkono ilianza kukodi jozi ya maksai wa jirani na kupanua eneo lake, na wenye maksai wenyewe wakafungua majaruba makubwa kama waliyoyazoea kwao. Mchele wa Mbeya unaosifiwa Dar es Salaam una jasho lao ndani yake. Wilaya ya Mbarali ilikuwa na watu zaidi ya 234,000 mwaka 2002 na 300,517 mwaka 2012. Wakati Makete inapungua, Mbarali ilikuwa inajaa.

Siku ya mnada ndiyo siku yangu ya kazi. Kuna mzee mmoja ambaye hufika asubuhi kwa pikipiki, kijana wake akiendesha, koti zito mwilini hata kukiwa na joto, kwa sababu mfuko wa ndani wa koti hilo ndio benki. Namwamkia, anaitikia, anauliza habari za watoto mmoja mmoja, na bado hatujaanza biashara. Kisha anataja anachotaka bila karatasi: dawa ya kuogesha kwa ajili ya kupe, ya minyoo, OTC, yaani antibayotiki ya sindano, chupa kadhaa, sindano, chumvi ya mawe. Ananusa kifuniko cha dawa ya kuogesha. Ananitaka niwashe tochi ya simu ili asome tarehe ya mwisho wa matumizi, ingawa kusoma kwenyewe anamwachia kijana. Analipa taslimu noti kwa noti, na hajawahi kuniomba nimkopeshe. Ukikadiria kila ng'ombe wake kwa shilingi laki tano tu, bei ambayo yeye angeicheka, kundi la ng'ombe 200 lina thamani ya shilingi milioni 100. Wenye fremu za Mwanjelwa wenye mtaji huo, ukiondoa madeni, ni wachache kuliko watu wanavyodhani.

Mzee huyu alikuwa na kundi kubwa zaidi. Mwaka 2006 nchi iliingia katika mgawo mkali wa umeme kwa sababu maji katika mabwawa ya Mtera na Kidatu yalikuwa yamepungua mno. Mto Ruaha Mkuu ulikuwa umekwisha kuanza kukauka wakati wa kiangazi tangu 1993, na macho yakaelekezwa juu, kwa wafugaji wa Ihefu. Agizo likatolewa kwamba waondoke na mifugo yao, na kati ya 2006 na 2007 makundi yakaswagwa na kupakiwa malori kuelekea Lindi, Pwani na kwingineko. Yeye anasimulia bila kupandisha sauti: faini alizotozwa njiani, nyingine kwa stakabadhi na nyingine bila, ndama waliokufa kwa kiu, na ng'ombe aliowauza kwa bei ya kutupa kwa wanunuzi waliokuwa wanajua kwamba hana siku ya pili ya kusubiri. “Ukiwa na duka, mama, watakufunga duka, lakini bidhaa hazifi njaa humo ndani,” aliniambia. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba mwaka 2007 Serikali iliunda tume ya kuyachunguza. Mwaka 2008 mbuga za Usangu zikaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na hifadhi ikafikia zaidi ya kilomita za mraba 20,000.

Linalouma ni kwamba ushahidi ulikuwapo. Mradi wa SMUWC, uliochunguza maji ya Usangu na kumaliza kazi yake mwaka 2001, ulikuwa umeonyesha kwamba kukauka kwa mto wakati wa kiangazi kulitokana zaidi na maji yanayoingizwa mashambani kupitia mabanio kuliko kwato za ng'ombe. Mpunga, hata hivyo, ulikuwa na wenyewe wengi, wakiwemo wenyeji na wakubwa, na ng'ombe walikuwa wa wageni. Sisemi kwamba makundi hayakuwa makubwa mno. Yalikuwa, na mfugaji yeyote mkweli atakuambia kwamba oevu lilikuwa limeanza kuchoka. Nasema kwamba adhabu haikugawanywa kwa kadiri ya kosa.

Hapa ndipo mahali pa kukaa pa mali panapogeuka kuwa hatima. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mgeni anayetaka ardhi ya kijiji lazima aombe na kukubaliwa na halmashauri ya kijiji, na kukubaliwa huko kwa mfugaji mara nyingi kulifanyika kwa maneno, kwa dume lililochinjwa, kwa mchango wa darasa, na kwa mwenyekiti ambaye baada ya uchaguzi hakuwa mwenyekiti tena. Mkinga wa mjini hakuhitaji kupendwa na Msafwa mwenye kiwanja. Alihitaji kulipa kodi ya pango na kupewa risiti. Mji humpokea mwenye bidhaa kwa sababu kila mtu anahitaji bidhaa. Kijiji humpokea mwenye kundi maadamu mvua ni nzuri, na mvua zikikata, majani yaleyale yanahesabiwa upya.

Benki nazo zinaitazama mali kwa jicho hilohilo. Mwenye duka akipeleka mahesabu, leseni na hati ya nyumba anapata mkopo, na mkopo huo unamfundisha kutunza kumbukumbu, jambo ambalo linamsaidia kupata mkopo mkubwa zaidi. Mwenye ng'ombe 200 akifika na koti lake anaulizwa hati. Ng'ombe anatembea, anaugua, anaibiwa, na ofisa mikopo hajui kumtofautisha mmoja na mwingine. Matokeo yake fedha ya mfugaji inarudi kuwa ng'ombe, kwa kuwa hakuna mahali pengine anapopaamini panapompokea, kisha tunamlaumu kwa kurundika mifugo.

Katika elimu pengo ni kubwa na sitalificha. Makete ilikuwa na shule za misheni ya Kilutheri mapema, na mfanyabiashara wa Kikinga aliyeishia darasa la saba anaona fahari kumlipia mtoto ada ya shule ya bweni. Kwa wafugaji kaya nyingi ziko mbali na shule, mtoto ni nguvu kazi ya kweli na si mapambo, na binti anayeolewa mapema huleta mahari ambayo inaongeza kundi la kaka zake. Nimeona mabinti werevu wakiacha kuja dukani na baba zao, na mwaka unaofuata nikawaona wamebeba watoto. Hilo ni kosa, na wafugaji wenyewe wenye msimamo wanalisema siku hizi katika mikutano ya vijiji. Lakini pia niliwaona watoto waliokuwa darasa la nne mwaka 2006 wakiondolewa pamoja na ng'ombe, na wengi wao hawakurudi darasani popote. Huwezi kumhamisha mtu kilomita mamia kwa agizo, kisha ukamuuliza kwa nini mahudhurio ya mtoto wake ni mabaya.

Upande mmoja ambao Wasukuma wamewazidi Wakinga ni siasa za mahali. Kaya zao ni kubwa, wanasaidiana katika misiba na wizi wa mifugo kwa nidhamu iliyotokana na sungusungu, ile jeshi ya jadi iliyozaliwa kwao mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wanapiga kura pamoja. Katika vitongoji vingi vya Usangu huwezi kushinda uenyekiti bila wao. Mfanyabiashara wa Kikinga ana fedha za kuchangia kampeni lakini kura yake iko moja, na mara nyingi amejiandikishia kwao.

Mambo hayasimami. Wapo Wasukuma waliojifunza kutokana na 2006 wakapunguza makundi, wakanunua malori ya Fuso, mashine za kukoboa Ubaruku na nyumba Chimala zenye hati, na watoto wao wanasoma jijini. Wakinga nao wanashuka bondeni kununua mpunga wakati wa mavuno na kuuhifadhi hadi bei ipande. Wengine wamenunua mashamba kabisa, na wanagundua kwamba shamba lina matatizo ambayo fremu haina. Vikundi vya wafugaji vinavyofuatilia hati za kimila vimeongezeka, ingawa mpaka wa hifadhi bado unawatisha wengi kuliko kupe.

Yule kijana anayemwendesha mzee siku za mnada amepanga fremu Chimala, anauza vipuri vya pikipiki. Mzee aliuza madume kadhaa kumwanzishia. Nilimpeleka mimi mwenyewe Mwanjelwa kumtambulisha kwa bosi ninayemfahamu, na tangu siku hiyo ananunua pale, bei ya jumla, fedha taslimu kila safari. Wenzake wa Kikinga walioanza naye wakati mmoja wamejaza rafu kwa mali kauli. Za kwake zina nafasi zinazoonekana, na mteja akikosa kipuri huvuka barabara. Nilimuuliza bosi kama hawezi kumwachia hata boksi mbili za tairi hadi mwisho wa mwezi. Alisema kijana ni mwaminifu na hana shaka naye hata kidogo, ila akila mtaji, hajui amwendee nani.